Maili ambazo gari halikwenda

Papa alikuja kwangu Jumamosi moja ya mwezi Machi 2025 akiwa na mfuko wa plastiki umejaa karatasi. Hapa Pennsylvania sote tunamwita hivyo, Papa, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu, na mimi niliyekulia Morogoro nimeshazoea. Kazi yake ni ukalimani. Ana Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, na Kiingereza alichokiokota kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku. Akiitwa hospitali anakwenda, akiitwa shule au mahakamani anakwenda. Hana mwajiri. Analipwa kwa saa, na gari, mafuta, tairi, vyote ni juu yake.

Ndiyo maana sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mtu kama yeye aondoe gharama za safari za kazi kwenye mapato yake kabla kodi haijapigwa. Njia rahisi ni kuhesabu maili za kazi na kuzidisha kwa kiwango kinachotangazwa na IRS, yaani mamlaka ya kodi. Kwa mwaka 2023 kiwango kilikuwa senti 65.5 kwa maili. Sasa ritani ya Papa ya mwaka huo alijaziwa na kijana mmoja mwenye kiofisi cha mtaani, wale wanaofungua Januari na kutoweka Mei. Kijana akamuuliza, "Unaendesha sana?" Papa akasema sana. Kijana akaandika 30,000. Elfu thelathini kamili, bila maili moja ya ziada. Hizo ni dola 19,650 zilizoondolewa kwenye mapato kwa neno "sana".

Barua ya ukaguzi ikaja. Ilikuwa ndefu, lakini ilichotaka hasa ni kimoja: daftari la safari.

"Daftari sina, mama," Papa akaniambia. "Lakini nilienda. Mungu anajua nilienda."

Halafu akatoa mfukoni daftari jipya, bado lina kibandiko cha bei, na kalamu ya bluu. Akaviweka mezani mbele yangu.

"Wewe si ndiye unajua kuandika?"

Nitarudi kwenye meza hiyo. Lakini siwezi kueleza kilichonipata pale bila kwanza kumleta mtu mwingine, maana swali la Papa lilishaulizwa mahakamani karibu miaka mia iliyopita, na aliyeliuliza alikuwa mtu wa jukwaani.

George M. Cohan alikuwa mtunzi, mwigizaji, mwimbaji na mwenye kampuni ya michezo ya kuigiza jijini New York. Ndiye aliyetunga "Over There", wimbo ulioimbwa na askari wa Marekani wakienda vitani mwaka 1917. Maisha yake yote alijitangaza kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa taifa lake. Cheti chake cha ubatizo kinasema tarehe 3. Siku moja tu! Msomaji, iweke akilini hiyo siku moja, kwa sababu huyu ni mtu aliyeona kwamba tarehe iliyozungushwa vizuri inapendeza kuliko tarehe ya kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Cohan alisafiri sana kwa kazi, mara nyingine na mwanasheria wake, na alikuwa mkarimu kupita kiasi. Aliwalisha waigizaji, aliwalisha wafanyakazi, na kama alivyokiri mwenyewe bila kupepesa macho, aliwalisha na wahakiki wa tamthilia. (Sisi tunaoandika mapitio ya vitabu bure kabisa tuinamishe vichwa kwa dakika moja.) Hakuandika chochote. Alipoulizwa na Bodi ya Rufani za Kodi alitumia gharama kiasi gani, alitaja kwa kukumbuka: dola 11,000 katika miezi sita ya kwanza ya 1921, halafu 22,000 kwa mwaka uliofuata, halafu 22,000 tena. Bodi ikaona kuwa kweli mtu huyu alitumia pesa, tena nyingi, lakini kwa kuwa hakukuwa na hesabu, ikampa sifuri.

Kesi ikafika mahakama ya rufani, mbele ya jaji Learned Hand, na hukumu ikatolewa mwaka 1930. Hand alisema jambo ambalo wanasheria wa kodi wa Marekani wanalijua kama sisi tunavyojua methali. Kwa ufupi: ikiwa ni dhahiri kwamba mtu alitumia kitu, kumpa sifuri si haki. Bodi ikadirie kadiri iwezavyo. Ikitaka inaweza kumbana, kwa sababu kukosa hesabu ni kosa lake mwenyewe, lakini isijifanye kwamba hakutumia hata senti.

Kwa miaka zaidi ya 30 hukumu hiyo ikawa mlango wa nyuma kwa kila mtu asiye na risiti. Ulikuwa mlango wa huruma, sikatai. Ila fikiria kilichotokea. Ukiwa mkweli uliyeendesha maili 9,000, ukajua kwamba jaji atakukata nusu, utasema ngapi? Mkadiriaji na mkadiriwa wote wawili wakajifunza kupatana bei kama pale Kariakoo. Anayetaja kikubwa ndiye anayeondoka na cha maana.

Aprili 1961 Rais Kennedy alilipelekea Bunge ujumbe kuhusu kodi, na humo alilalamikia watu wanaoishi maisha ya anasa kwa gharama zinazoitwa za biashara. Oktoba 1962 sheria ikapita. Kuanzia hapo, kwa safari za kikazi nje ya mji wako, burudani na zawadi, makadirio ya Cohan yakafungiwa nje. Mtu alitakiwa kuonyesha kiasi, wakati, mahali, na sababu ya kikazi. Mambo manne hayo. Ukikosa moja, jaji hana ruhusa ya kukuonea huruma hata kama anakuamini.

Gari la kuzungukia mjini lilibaki kwenye huruma ya zamani kwa miaka mingine zaidi ya 20. Halafu mwaka 1984 Bunge likaamua kumaliza kabisa. Likatunga kwamba kuanzia Januari 1985 kila anayedai matumizi ya gari lazima awe na kumbukumbu zilizoandikwa wakati uleule wa safari. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wakulima, mafundi, wauzaji wa nyumba kwa nyumba, wote waliona wanageuzwa makarani wa magari yao wenyewe. Ifikapo Mei 1985 Bunge lilirudi nyuma na kuifuta kanuni hiyo kama vile haikuwahi kuwepo.

Kilichobaki baada ya kelele, na ndicho kinachotumika mpaka leo, ni kitu cha katikati. Gari liliingizwa kwenye mambo manne ya 1962, lakini mtu anaweza kuyathibitisha kwa kumbukumbu za kutosha au kwa ushahidi mwingine unaounga mkono maneno yake. Ukiandika mara moja kwa wiki inahesabiwa kuwa umeandika kwa wakati. Lakini mdomo peke yake hautoshi tena. Papa angefika mbele ya Learned Hand mwaka 1930, angetoka na kitu. Amefika miaka 95 baadaye.

Hapa ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda, nisiwafiche. Mkaguzi wa kodi ni msomaji. Nimesoma hukumu kadhaa za Mahakama ya Kodi kwa ajili ya Papa, nikajikuta nazisoma kama uhakiki wa fasihi. Jaji anachambua daftari la mtu: sauti yake, mwendo wake, wapi mwandishi amechoka, wapi amejisahau.

Usomaji unaanzia kwenye fomu yenyewe. Mtu anayejitegemea anapodai maili, fomu inamuuliza gari alianza kulitumia lini kwa kazi, maili za kazi ni ngapi, za kwenda na kurudi kazini ngapi, na nyinginezo ngapi. Inamuuliza kama yeye au mwenzi wake ana gari jingine la matumizi ya nyumbani. Ukisema una gari moja tu, na ukasema maili zote ni za kazi, umeshamwambia mkaguzi kwamba hujawahi kwenda sokoni, kanisani wala msibani. Mwishoni kuna maswali mawili mafupi: Je, una ushahidi? Kama unao, umeandikwa? Watu hutia alama ya ndiyo mara mbili huku wanatafuna.

Ile ya kwenda na kurudi kazini ni mtego wa zamani. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwanasheria mmoja, Flowers, aliyeishi Jackson katika jimbo la Mississippi na kazi yake iko Mobile, Alabama. Alisafiri kweli, na karatasi zipo. Ila kuishi mbali na kazi ilikuwa hiari yake, mahakama ikasema, si haja ya biashara. Kwa hiyo unaweza ukawa mkweli wa maili zote na bado ukakosea aina yake.

Baada ya fomu huja daftari. Nambari zinazoishia na 0 na 5 ukurasa hadi ukurasa: barabara haina tabia hiyo. Safari moja ileile kuwa maili 20 Jumatatu na maili 35 Alhamisi bila sababu. Mtu kuwa miji miwili saa moja. Wino mmoja, mwandiko mmoja mtulivu kuanzia Januari hadi Desemba, bila doa la chai, bila siku iliyosahaulika na kujazwa pembeni. Kazi Jumapili na sikukuu mahali ambapo pamefungwa. Sababu ya safari ikiwa neno moja lilelile, "mteja", mara mia mbili.

Kuna ujanja wa hesabu pia. Mwaka 1881 mnajimu Simon Newcomb aliona kwamba katika vitabu vya jedwali za logi kurasa za mwanzo ndizo zilizochakaa zaidi, akatambua kwamba watu wanakutana na nambari zinazoanza na 1 mara nyingi kuliko zinazoanza na 9. Frank Benford akalipima jambo hilo upya mwaka 1938 kwa takwimu za kila namna: karibu asilimia 30 huanza na 1, chini ya asilimia 5 huanza na 9. Katika miaka ya 1990 mhasibu Mark Nigrini akaonyesha kwamba hesabu za kodi zilizotungwa kichwani hukosa umbo hilo. Nami kama mpenzi wa vitabu vya mtumba ninafurahi kwamba yote yalianza na kurasa chafu. Kwa daftari la mkalimani, hata hivyo, silaha hii ni butu. Mtu anayekwenda hospitali ileile kila wiki atakuwa na nambari ileile kila wiki, na hiyo ni halali.

Kinachomkamata mtu kwa kweli ni kitu cha kawaida sana. Gari linaandikwa na watu wengi. Wewe unadhani wewe ndiye mwandishi pekee, kumbe kuna waandishi wengine ambao hawakujui na hawana haja ya kukusaidia. Fundi anayebadilisha oili anasoma mita kwenye dashibodi na kuiandika kwenye risiti, na anabandika kioo kikaratasi cha maili za kurudi tena. Pennsylvania gari hukaguliwa usalama kila mwaka, na maili huandikwa. Barabara za kulipia zina mashine inayokumbuka lango na saa. Mkaguzi huomba risiti za gereji za mwanzo na mwisho wa mwaka, anatoa nambari ndogo kwenye kubwa, na jibu ndilo jumla ya maisha yote ya gari lile kwa mwaka ule, kazi, ibada na mikate. Daftari lako haliwezi kuwa kubwa kuliko hapo.

Sasa turudi mezani.

Nilimpikia Papa chai, tukamwaga mfuko. Ndani mlikuwa na karatasi za ukaguzi wa gari. Februari 2023: maili 91,340. Februari 2024: maili 109,872. Nikatoa kwenye simu, kisha nikatoa tena kwa mkono kwa sababu sikutaka kuamini. Maili 18,532. Gari zima, mwaka mzima, pamoja na safari mbili za harusi, halikufika hata elfu ishirini. Yule kijana wa kiofisini alikuwa ameliendesha gari la Papa maili zaidi ya elfu kumi na moja ambazo gari halikwenda.

Papa alinyamaza. Halafu akasogeza daftari. "Basi tuandike elfu kumi na sita."

Nitasema ukweli: nilichukua kalamu. Sikuona ninadanganya. Mtu huyu alikuwa amesimama kando ya vitanda vya wazazi wanaojifungua saa tisa usiku, na nilijua alikwenda. Nilijiambia ninamrudishia tu alichosahau kuandika. Nikaanza kutoka nyuma, Novemba, kwa sababu aliikumbuka vizuri. Nikaandika wiki tatu. Ziliandikika vizuri mno. Nilimpa Jumatatu za hospitali, Jumanne za shule, Alhamisi za kliniki ya macho, maili 15, maili 20, maili 25. Nilipogeuka kusoma nilichoandika nikaona nimempeleka kliniki ya macho Alhamisi ya tarehe 23 Novemba 2023. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Thanksgiving. Kliniki ilikuwa imefungwa, daktari yuko nyumbani anakata bata mzinga, na Papa wangu amesimama nje na koti lake, nimemtuma mimi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu. Alikuwa dereva wa serikali, na kitabu cha safari cha gari lake kilikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isipotee. Tarehe, kutoka, kwenda, kilometa za kuanzia, za kuishia, sababu, sahihi. Alikuwa anasoma mita kabla hajawasha gari, kila mara, kama anavyosema bismillahi. Bosi wake mmoja alikuwa na shamba, na Jumapili gari lilikuwa linakwenda shambani. Baba hakugomba, hakuwa na cheo cha kugombea. Aliandika kilometa zote kama mita ilivyosema, na mahali pa sababu akaacha wazi, akampa bosi kitabu ajaze mwenyewe kwa mkono wake na kutia sahihi. Nilikuwa mdogo nikadhani baba anasahau.

Nikachana zile kurasa tatu. Nilimweleza Papa pia sehemu ambayo kijana wa kiofisini hakumwambia: kudai kupita kiasi kwa uzembe kunaweza kuongeza adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua, lakini ulaghai ni asilimia 75, na kumkabidhi mkaguzi daftari la kubuni ni kosa la jinai. Deni lake lingekuwa limegeuka kesi, kwa kalamu yangu.

"Kwa hiyo ukweli wangu unakufa?" akauliza. Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo sina.

Tulichofanya kilichukua Jumamosi nne. Mashirika yanayomwita kazini hutuma ujumbe: anwani, tarehe, saa. Mjukuu wake aliufukua kwenye simu mbili, moja imepasuka kioo. Kila ujumbe tuliulinganisha na malipo ya benki, kisha tukapima njia kwa ramani, anwani hadi anwani. Safari ya kwanza ya siku na ya mwisho tuliziweka kando, tukimkumbuka Flowers. Tulipata maili 8,906 zenye karatasi. Zilibaki nyingine, labda elfu mbili na ushee, ambazo aliitwa kwa kupigiwa simu tu, na muuguzi aliyempigia ameshahama. Usiku wa mvua, barabara ya kwenda Erie, mtoto aliyekufa. Alizikumbuka zote, kwa majina ya watu na rangi ya milango. Hizo hazikuingia.

Mkaguzi alikubali 8,906. Papa analipa tofauti kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na riba.

Lile daftari alilichukua. Wiki iliyopita alinipa lifti, nikaliona limebanwa juu ya dashibodi kwa mpira wa kufungia pesa, tayari lina mafuta ya maandazi kwenye kona. Nikamwomba ruhusa nisome. Majina ya wagonjwa haandiki, hilo alifundishwa kazini. Mstari wa juu ulikuwa na kalamu nyeusi, uliofuata penseli. Maili 17. Maili 4. Maili 31. Na mahali pa sababu: "Mama, uzazi wa kwanza, saa sita, mtoto wa kike."

"Soma baadaye," akasema, akiinama kutazama mita kabla hajawasha gari. "Niambie hiyo ya mwisho ni nane ama tatu, macho yangu hayaoni."

Ilikuwa tatu.